Siku Usipa Alipomshinda Bosi

Jumamosi jioni, Mbinga.

Baridi ya mwezi wa saba. Ukungu haukuondoka leo. Mchana kutwa umekaa juu ya migomba kama mgeni asiyejua kuaga, na nguo nilizoanika alfajiri nimezianua zikiwa na maji yaleyale.

Nimekaa kitandani na buti miguuni. Nilijaribu kuinama nizivue, mgongo ukakataa, nikaona bora niandike kwanza.

Usipa ameshinda.

Nimeiandika peke yake sentensi hiyo nione kama itanifurahisha. Bado.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi naitwa Edina, mama wa mtoto mmoja, na ni mlinzi. Kampuni yetu inalinda maghala ya kahawa hapa mjini, yale ambayo tulipokuwa watoto yalikuwa ya ushirika na siku hizi yanakodishwa na wanunuzi binafsi, kila msimu jina jipya mlangoni. Kahawa ilipoachiwa soko huria, kampuni za ulinzi nazo zikaota kama uyoga, kila moja na rangi yake ya sare. Walinzi wenzangu wanahama kutoka moja kwenda nyingine. Mimi nimeng'ang'ania hii kwa sababu moja tu: ndiyo iliyonipa mbwa. Kwingine kote waliniambia mwanamke akae getini awe anafungua na kufunga.

Usipa aliletwa kutoka Songea akiwa mdogo, ndugu zake wote wakiwa wameshachaguliwa na watu. Mama yake mbwa mkubwa wa ulinzi, baba yake anajulikana na mama yake tu. Miguu mirefu, mbavu nje, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mzee Osmund alipomwona akishushwa kwenye gari alisema huyu si mbwa, huyu ni usipa aliyeanikwa. Usipa ni dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, sisi watu wa ziwani ndio tuliokuzwa nao. Walinzi wakacheka, jina likabaki.

Mzee Osmund ndiye aliyenifundisha kazi ya mbwa. Ni mtu wa Matiri, Mkatoliki wa milimani, anayesali rozari akiwa lindoni. Mimi ni Mwanglikana wa ziwani, na kwa miaka yote tumetaniana kuhusu nani ataingia mbinguni kwa mlango upi. Mbwa wake anaitwa Bosi, mweusi, kifua kipana, picha yake iko kwenye bango la kampuni pale barabarani. Tangu mke wa Mzee Osmund afariki, nadhani Bosi ndiye anayesikia maneno yake mengi zaidi. Nimewahi kuwakuta wote wawili nyuma ya ghala, mzee anaeleza bei ya mbolea, mbwa amemkazia macho.

Sasa nieleze tulivyofika hapa.

Mwezi wa tano meneja alituita mimi na Mzee Osmund ofisini. Meneja wetu ni kijana aliyesomea biashara Dar es Salaam, si mtu mbaya, ila kila jambo kwake ni soko. Akasema kwenye maonyesho ya wakulima Songea mwaka huu kampuni za ulinzi zitashindanisha mbwa: kuruka viunzi, kupita kwenye mianzi kwa kupindapinda, kutembea juu ya ubao, kupenya kwenye pipa, na anayemaliza upesi bila kukosea ndiye mshindi. Wateja wakubwa watakuwepo wanatazama. Sisi tutapeleka mbwa mmoja. Tuwafundishe wote wawili, kisha yeye mwenyewe atawapima.

Nilianza kufurahi, lakini hakuwa amemaliza.

Kuna kambi ya watu wanaotafiti madini, upande wa Liparamba, karibu na pori la akiba. Wameomba mlinzi na mbwa. Kwa hiyo, akasema, atakayeachwa kwenye mashindano ndiye atakayekwenda kambini.

Mzee Osmund hakunitazama wala mimi sikumtazama. Kule kuna mbung'o, wale nzi wa malale. Watu wa kule hawafugi ng'ombe kwa sababu yao, na mbwa ndio hawadumu kabisa. Kampuni ilishapeleka mbwa wawili upande ule. Wa kwanza alirudishwa amekonda, macho yamekuwa meupe kama maziwa, akafia bandani kwetu mbele ya macho yangu. Wa pili hakurudishwa. Tulimweleza meneja. Akasema yeye alipofika hayo yalikuwa yamepita, na kwamba siku hizi kuna dawa. Tukamuuliza bwana mifugo, naye akasema dawa zipo, lakini kwa mbwa anayeishi humohumo ndani ya mbung'o hawezi kutuahidi kitu.

Basi tukaanza kufundisha, kila mtu akijua ushindi wake ni msiba wa mwenzake.

Hilo hatukulisema hata mara moja. Tulisema habari za viunzi.

Viunzi tulivitengeneza kwa magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa, tukaweka mti juu yake. Mianzi aliitoa Mzee Osmund shambani kwake. Ubao tuliupandisha juu ya kreti za soda. Mapipa yalikuwa ya mafuta, tukayakata vichwa na kuyaunga yawe pango moja refu. Kila alfajiri nilipotoka zamu, wakati wenzangu wanakwenda kulala, mimi nilimfungua Usipa na kumpeleka uwanja wa mpira. Nilikuwa nakimbia kando yake na buti, huku naita ruka, pita, panda, tulia. Goti langu la kushoto lilianza kulia wiki ya kwanza na halijanyamaza hadi leo.

Kufundisha mbwa mdogo kunachosha kuliko lindo. Lindoni unachoka mwili, kwa mbwa unachoka moyo. Jana ameruka vizuri, leo amekaa chini ya kiunzi anajilamba. Juzi amepita mianzi yote, leo amekimbilia kuku wa watu. Na huwezi kukasirika, kwa sababu hasira yako anaibeba hadi kesho yake. Nimefundishwa hivyo na Mzee Osmund. Yeye mwenyewe sijamsikia akimpigia Bosi kelele.

Ubao ndio uliotushinda kwanza. Usipa akishapanda, miguu inatetemeka, anaruka chini. Nilipopata likizo fupi nilikwenda naye kwa mama, kule ziwani upande wa Liuli. Kondakta alinikatalia, nikambembeleza, tukateremka milima yote ile Usipa akiwa ametapika kwenye buti zangu.

Mama hakufurahi kumwona. Nyumbani kwetu mbwa ni wa nje na hana jina. Lakini pale pwani kwetu kuna mtumbwi wa marehemu baba, umepinduliwa mchangani, haujaingia majini tangu azikwe. Tumbo lake ni jembamba na lina utelezi. Nikampandisha Usipa pale juu asubuhi na jioni, dagaa mmoja mbele, dagaa mmoja nyuma. Akianguka anaangukia mchanga, haumii. Siku chache tu akawa anatembea juu yake kama mbuzi mwambani.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mihogo. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Edina, wenzako wanafundisha watoto. Wewe unafundisha mbwa kutembea juu ya mtumbwi wa baba yako."

Nilimwambia tu kwamba huyu asipojifunza atakwenda kufa. Mama akaendelea na mihogo yake. Siku ya kuondoka alinifungia dagaa kwenye kitambaa, akasema fungu la chini ni la yule mbwa.

Mapipa yalikuwa jambo jingine.

Usipa hakutaka kuingia. Giza, baridi ya chuma, harufu ya mafuta. Nilimsukuma, nikamvuta, nikaingia mwenyewe kwa magoti, nikakwama nyonga, wanawake waliokuwa wanatoka sokoni wakasimama kucheka. Niliporudi nyuma nikiwa na kutu hadi kwenye nywele, Mzee Osmund alikuwa amefika. Hakucheka. Alikwenda upande wa pili, akalala kifudifudi kwenye nyasi na koti lake la zamu, akaingiza uso kwenye pipa, akaanza kuzungumza. Alisema Kimatengo, polepole, kama mtu anayemwambia mtoto chakula kimeiva. Usipa alisikiliza kwa sikio lake moja. Kisha akaingia, akatokea kwake.

Kwa hiyo alichojua Usipa kuhusu mapipa, alijua kutoka kwa mshindani wake. Hilo nililijua wakati ule, na nililijua leo asubuhi nilipokuwa namfunga mkanda shingoni.

Leo.

Meneja alikuja uwanjani na simu yake ya kupimia muda, na mwavuli. Walinzi wa mchana walikuja, na watu wa njiani wakasimama, kwa sababu mbwa anayeruka kwa kuamriwa si jambo la kila siku hapa kwetu. Meneja akarudia masharti: anayemaliza bila kosa anakwenda Songea. Wakikosea wote, ataamua mwenyewe. Kila mtu alijua maana yake. Wakikosea wote atakwenda Bosi, kwa sababu ndiye aliye kwenye bango.

Bosi akaanza. Niseme kweli, nilisahau kwamba nashindana naye. Mbwa yule hana haraka, lakini hana kosa. Aliruka kiunzi cha kwanza na cha pili kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Mianzi aliipita bila kugusa hata mmoja. Ubao, sawa. Mapipa, sawa. Kikabaki kiunzi cha mwisho, kile kirefu.

Nikaona mguu wa nyuma.

Aliposhuka kwenye ubao alikuwa ameanza kuuburuta kidogo, kidogo sana, na alipotoka kwenye pipa aliuinua kabisa. Bosi ni mzee. Sisi wenye mbwa tulikuwa tunajua nyonga zake asubuhi za baridi zinakuwaje. Alikuwa anakwenda kwenye kile kiunzi hivyohivyo, kwa sababu ameambiwa.

Mzee Osmund akasema, "Kaa."

Bosi akakaa palepale, mbele ya kiunzi, anahema.

Meneja akasema bado kimoja. Akasema muda ni mzuri sana, amwambie aruke. Mzee Osmund alikwenda akamfunga kamba, akamshika kichwa, akajibu kwamba amemaliza. Akamtoa nje, akamfunga kwenye nguzo ya goli, akavua koti na kumfunika mgongo.

Zamu yangu.

Nilimfungua Usipa nikasema ruka, akaenda. Ninyi msiojua mbwa, sijui nitawaelezaje. Miezi yote ile ya kukimbilia kuku, ya kujilamba chini ya viunzi, ikapotea. Alikwenda kama maji yanayojua njia. Kiunzi, kiunzi, mianzi, ubao bila kutetemeka. Mimi nakimbia kando na goti langu bovu, sauti imeisha. Akaingia kwenye mapipa.

Na mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kusema mvua, yalikuwa manyunyu mazito, lakini juu ya mapipa matupu yalisikika kama mtu anamwaga mahindi kwenye sinia. Hatukuwahi kumpitisha mle mvua ikinyesha. Usipa akasimama ndani. Nikamwona mkia tu, umelala.

Nikaita. Njoo, Usipa, njoo. Nikazunguka upande wa pili, nikaita tena, na nikasikia sauti yangu mwenyewe jinsi ilivyokuwa nyembamba. Mbwa anasikia hofu kabla ya neno. Akarudi nyuma hatua moja.

Meneja anatazama simu.

Niliinua macho nikamwona Mzee Osmund. Alikuwa amesimama pale golini, mkono juu ya kichwa cha Bosi. Na nilijua anachojua. Usipa akitokea upande alioingilia, amekosea. Wote wawili watakuwa wamekosea, na Bosi ndiye atakayekwenda Songea, akae kwenye gari zuri, apigwe picha, arudi nyumbani. Mzee hakuhitaji kufanya kitu chochote. Alihitaji kusimama tu.

Nilisimama na mimi. Sikuweza kumwomba.

Alikuja bila koti. Alipita mbele yangu, akalala kifudifudi kwenye matope, mvua inampiga mgongoni, akaingiza uso kwenye pipa na kuanza kuzungumza kwa lugha yake, polepole kama siku ile. Nilisikia kucha zikikwaruza chuma. Usipa akatoka, akamlamba mzee uso mzima, akageuka kunitafuta mimi, nami nikapata sauti ya kusema ruka. Akaruka kile kiunzi kirefu na nafasi ikabaki.

Watu wakapiga makofi. Meneja akasema kusaidiwa kidogo si kitu, kabla ya siku ya Songea tutamzoesha mvua. Akasema kwa hiyo ni Usipa, na Bosi Jumatatu aende Liparamba.

Nilimkuta Mzee Osmund kwenye bomba anaosha matope mikononi. Nilimuuliza kwa nini.

Aliendelea kunawa. "Mbwa amekwama kwenye pipa, Edina," akasema. "Ulitaka nifanye nini?"

Halafu akanieleza, kama anayezungumzia shamba, kwamba ameshaamua kwenda na Bosi. Mbwa huyo amezeekea kazini, hawezi kumkabidhi kwa mtu asiyejua anapoumwa. Nikamwambia basi niende mimi na Usipa, yeye ni mdogo, ana nguvu, labda atastahimili. Akatikisa kichwa. Mbung'o hawaulizi umri, akasema.

Nilikwenda ofisini na nguo zilezile za maji. Sikuwa nimepanga la kusema. Njiani nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba hakuna aliyeuliza kama ni lazima mbwa yeyote aende.

Kwa hiyo nikauliza hilo.

Meneja alisema mkataba unasema mlinzi na mbwa. Nikamuuliza, wale wa kambi wanamtakia nini mbwa. Akasema, usalama, mlinzi mmoja hatoshi. Nikasema basi wapelekwe walinzi wawili, mbwa asiende. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akaniuliza nani atakubali kwenda Liparamba, maana ameshaomba na kila mtu ana mke, ana watoto, ana shamba, ana kikohozi. Kazi kule si ya wiki, ni hadi watafiti wamalize, na hakuna anayejua watamaliza lini.

Nikasema Mzee Osmund ameshakubali, na wa pili nitakwenda mimi.

Nilisikia maneno yametoka na nikaona yanafaa. Mwanangu yuko bweni Songea, mama yuko ziwani. Hapa mjini nina chumba cha kupanga na goti bovu.

Meneja alinitazama. "Na Usipa?"

"Usipa abaki."

Alipiga simu kambini palepale. Alizunguka meza huku anazungumza, akacheka na mtu wa upande wa pili, akaniangalia, akasema ndiyo, ndiyo, ni mwanamke lakini ni mlinzi mzuri. Wakakubali. Mzee Osmund anatangulia Jumatatu, mimi nitamfuata maonyesho yakishakwisha. Bosi, kwa sababu ya nyonga, anapumzishwa kazi. Kampuni hailishi mbwa asiyefanya kazi, kwa hiyo mzee atampeleka Matiri kwa binti yake, akae kwenye shamba la kahawa.

Nilimweleza Mzee Osmund. Hakushukuru, na ningeona aibu kama angeshukuru. Aliniambia kule Liparamba niende na soksi nene za mikono mirefu, kisha akagundua alichosema, akasema soksi nene na mashati ya mikono mirefu. Ndipo tukacheka. Ni kicheko pekee nilichocheka leo.

Mchana nilimpigia mama. Nilitegemea maneno mengi. Aliuliza kama nimefukuzwa, nikasema hapana. Aliuliza kama ni kwa ajili ya yule mbwa mwembamba. Nikasema yeye na mwenzake. Akauliza kama huko kambini kuna vyandarua. Nikasema nitabeba changu. Akasema basi, si mbali sana na kwake, Krismasi nisitafute visingizio.

Baada ya hapo ndipo uchovu wote ulinikuta, kana kwamba ulikuwa umenisubiri nimalize shughuli.

Nimefundisha mbwa aweze kubaki, na sasa anayeondoka ni mimi. Sijui kama huo ni ujinga. Sijui kama Songea tutashinda, na kwa kweli leo sina nguvu ya kujali. Wamempangia Longinus awe na Usipa nikishaondoka. Longinus anakaa geti la ghala kubwa, mtu mpole, mwenye sauti nzito, mbwa hawamwogopi na yeye hawaogopi. Ningeweza kupata mtu mbaya zaidi. Nimejiambia hilo mara nyingi mchana huu.

Saa kumi na mbili jioni nilikwenda na Longinus bandani. Nilimpa yeye sufuria ya ugali na dagaa, nikamwambia amwekee Usipa, aseme kula, asiseme kingine. Akafanya hivyo. Usipa alinusa, kisha akakaa chini, akanitazama mimi.

Longinus akaniuliza afanye nini. Nikamwambia achuchumae pale, asiongee, asubiri. Mimi nikatoka, nikazunguka nyuma ya ukuta wa banda, nikasimama kwenye matope na kuegemeza paji la uso kwenye tofali.

Nilikaa pale muda. Nilisikia Longinus akikohoa. Nilisikia Usipa akilia kidogo, ule mlio wake wa puani, kisha kimya. Nilizuia mguu wangu usirudi.

Halafu nikasikia sufuria ikisogea kwenye saruji, na Usipa akitafuna.

Nimerudi nyumbani nayo sauti hiyo. Kesho, wakati wa kumlisha, nitasimama mbali zaidi.